Kulala Jirani na Mnyama

Katika mji wa Canberra, Australia, iko hoteli iliyojengwa ndani ya bustani ya wanyama. Ilifunguliwa mwaka 2014, na jina lake ni Jamala. Mgeni akishalipia chumba chake hulala kitandani huku simba au dubu akiwa upande wa pili wa kioo kinene, na katika vyumba vingine hutoka barazani akamlisha twiga kwa mkono wake. Mswahili akilisikia jina hilo hawezi kuacha kutabasamu, maana kwetu sisi jamala ni wema, ni hisani, ni adabu ya mtu mstaarabu anapokutana na mwenziwe. Nami tangu nilipopata habari za hoteli hiyo nimekuwa nikijiuliza: mtu anapolipa fedha nyingi ili alale jirani na mnyama wa mwitu, hiyo jamala ni ya nani kwa nani? Nani mgeni na nani mwenyeji? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, katika biashara hii mwenyeji anapona?

Suala hili linatuhusu khasa sisi watu wa Unguja, kwa sababu kulala jirani na mnyama si jambo geni kwetu. Lililo geni ni kulilipia.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Muyuni, upande wa kusini wa kisiwa, akilima muhogo katika ardhi ya mawe. Yeye alilala jirani na wanyama umri wake wote bila ya kutoa hata senti moja, na hakuna aliyepata kumwambia kwamba hiyo ilikuwa starehe. Muhogo ukikaribia kuiva, watu walijenga dungu shambani wakakesha juu yake, wakipiga madebe kuwafukuza nguruwe. Usiku wa dungu ulikuwa wa moshi, mbu na usingizi wa mang'amung'amu. Ukipitiwa na usingizi mzito, asubuhi utakuta matuta yamefukuliwa na chakula cha miezi kimekwisha. Kwa hivyo bibi hakuwapenda wanyama wala hakuwachukia. Aliwahesabu, kama mtu anavyolihesabu deni.

Na juu ya nguruwe alikuwako chui. Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko nduguye wa bara, na madoa yake yamesongamana, kwani alitengwa kisiwani tangu bahari ilipopanda ikatukata na bara, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Watu wa mashamba waliamini kuwa wapo chui wa mwitu na wapo chui wenye mabwana. Kwamba mchawi humfuga chui, akamlisha, kisha akamtuma kwa jirani aliyekosana naye. Mbuzi akiliwa, watu hawakuuliza chui yuko wapi. Waliuliza chui ni wa nani. Na jibu la suala hilo liliweza kumharibia mtu maisha yake.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifanyika kampeni kubwa ya kuwasaka wachawi pamoja na chui waliodhaniwa kuwa wao, ikiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Wasasi wakaendelea kumwinda chui kila alipoonekana, na ilipofika miaka ya 1990 watafiti wengi walikuwa wamekwisha kukata tamaa ya kumwona akiwa hai. Mwaka 2018 kamera iliyotegwa na wapiga picha wa televisheni ilimnasa usiku mnyama aliyefanana na chui, na wataalamu wakabishana juu yake. Enzi zangu za ualimu, nilipokuwa nikiwapeleka wanafunzi katika makumbusho ya Mnazi Mmoja, chui tuliyemkuta alikuwa ngozi iliyojazwa. Siku moja mtoto mmoja alimwangalia muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, huyu alikuwa wa nani?" Hakuwa na habari yoyote ya wachawi. Aliuliza tu kama mtoto anavyouliza juu ya paka. Lakini suala lake lilinikaa moyoni, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba hakuwa wa mtu. Waliolala karibu naye hawakupata faida yoyote kwa kuwapo kwake, na walio mbali naye hawakujua kama anakwisha.

Pengine msomaji atasema kwamba dawa ni kumpa mnyama bei, kwani kitu chenye bei hulindwa. Mimi ningesema tuvuke kwanza mpaka Changuu, kisiwa kile kidogo tunachokiona tukisimama Forodhani. Jela iliyojengwa kisiwani humo mwaka 1894, wakati Lloyd Mathews alipokuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, haikupata kufunga wafungwa. Pakawa karantini ya wasafiri wenye kushukiwa maradhi. Mwaka 1919 gavana wa Shelisheli akaleta zawadi ya kobe wanne wa Aldabra, wale ambao dume lao hufika kilo 200 na zaidi. Wakazaana kwa amani. Mwaka 1955 walikuwa wamefika kiasi cha 200.

Kisha watu wa nje wakataka kufuga kobe majumbani mwao, na kobe akapata bei. Mwaka 1988 walibaki 100, mwaka 1990 wakabaki 50, na mwaka 1996 wakahesabiwa kobe saba tu. Mwaka huohuo vikapelekwa vitoto 80 ili kuongeza idadi, navyo 40 kati yake vikatoweka. Hatimaye serikali kwa msaada wa shirika la kimataifa la kulinda wanyama ikajenga uwanja wenye uzio, na idadi ikaanza kupanda tena. Katika miaka ya 2000 palikuwa na hoteli kisiwani humo, mgeni akaweza kulala usiku na kuamka kobe wakiwa majirani zake. Tazama basi: bei moja ilimtia kobe ndani ya gunia akasafirishwa gizani, na bei nyingine ikamtaka abaki kwake ili wageni waje kumwona. Fedha ni ileile. Tofauti ni kama mnyama anauzwa yeye, au kinachouzwa ni usiku wa kuwa karibu naye.

Wenzetu wa Kenya waliianza biashara ya usiku zamani. Hoteli ya Treetops, katika msitu wa Aberdare, ilijengwa juu ya mti mwaka 1932, wageni wakikesha kuwatazama ndovu na vifaru wakinywa maji. Ndiko alikokuwa amelala Elizabeth wa Uingereza mwezi wa Februari 1952, usiku ambao baba yake alifariki na yeye akawa malkia. Miaka miwili baadaye, 1954, wapiganaji wa Mau Mau waliichoma moto. Aliyejificha msituni humo kwa ajili ya ardhi yake hakuona starehe yoyote katika kitanda kile cha juu ya mti. Nairobi nako, katika mtaa wa Lang'ata, iko nyumba ya mawe iliyojengwa 1932, ambapo twiga huingiza vichwa vyao madirishani wakati wageni wanakunywa chai ya asubuhi. Watu wake na wanaharakati wenzao waliwalea twiga waliotoka Soy, ambako shamba walimoishi lilikuwa likigawanywa, na mwaka 1983 wakafungua kituo cha kuwafundisha watoto wa skuli habari za twiga. Kwa hivyo nyumba mbili za umri mmoja, zenye biashara moja, hazikufanana katika kitu kimoja: kama mtoto wa nchi ana mlango wake wa kuingilia.

Nilipata kuyaona haya kwa macho yangu Chumbe. Mwanangu anayefanya kazi Maskati alinilipia usiku mmoja katika kisiwa hicho, na bei yake ilizidi pensheni yangu ya mwezi mzima. Nilikwenda kwa moyo mzito, kama mtu aliyealikwa karamu akajua gharama ya pilau. Chumbe ni kisiwa cha jiwe la matumbawe, kusini ya Mji Mkongwe, chenye mnara wa taa uliojengwa 1904 na msikiti mdogo kando yake. Tangu 1994 miamba yake ya magharibi imewekwa kuwa hifadhi ya bahari, na msitu wake pia umehifadhiwa. Mabanda ya wageni ni saba tu, ya makuti na boriti. Paa hukinga maji ya mvua, taa ni za jua, choo hakitumii maji, na upande unaotazama bahari uko wazi. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimelipiwa fedha zote zile ili nilale katika dungu!

Usiku ulipoingia, kijana mwenye kutuongoza alikuja na tochi. "Shikamoo, mwalimu. Twende taratibu, wenyewe washaamka." Wenyewe ni kaa wa nazi, kaa wakubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu duniani, wenye kufika kilo nne, wanaopanda miti na kupasua nazi kwa magando. Kaa huyu huzaliwa baharini, lakini akishakua, ukimtupa majini atazama. Huishi miaka zaidi ya 50. Tulimkuta mmoja juu ya jiwe, rangi yake buluu iliyoiva, akila bila ya kujishughulisha na sisi. Kijana akazima tochi, tukamsikiliza tu. Aliniambia kwamba baba yake alikuwa mvuvi. Walinzi wa kwanza wa kisiwa hicho walikuwa wavuvi wa vijiji vya ng'ambo, wakifanya kazi yao bila ya bunduki: mashua ikikaribia miamba, humwendea mwenziwao wakamweleza kwa maneno kwamba samaki wanaozaliana hapa ndio watakaofika katika nyavu zake kule. Msituni waliwekwa paa nunga pia, kwa sababu Unguja alikuwa amesakwa mpaka akawa adimu.

Nilirudi kitandani nikalala usingizi wa mang'amung'amu, uleule wa bibi. Kitu kilipita chini juu ya majani makavu, kikasimama, kikaendelea. Nilingoja moyo unitume nitafute debe, na moyo haukunituma. Nikatambua kwamba nilichokuwa nimelipiwa hakikuwa mnyama, wala kitanda, wala hewa ya bahari. Nilikuwa nimelipiwa kutopoteza kitu. Bibi angemsikia mnyama huyohuyo akahofia muhogo wake. Mimi nilimsikia nikageukia upande wa pili.

Asubuhi mashua ilileta wasichana wa skuli pamoja na walimu wao. Ziara za wanafunzi katika kisiwa hicho hugharimiwa na fedha za wageni wanaolala. Walifundishwa matumbawe, wakaingia majini wamevaa miwani, wengine mara yao ya kwanza kuona kilichomo katika bahari waliyozaliwa kandokando yake. Mmoja alimuuliza yule kijana, "Huyo kaa tutamwona?" Akajibiwa kwamba kaa hutoka usiku. "Na sisi tunaondoka saa ngapi?" Jioni kabla ya magharibi, akaambiwa. Yule msichana akaliangalia lile jiwe tupu, kisha akawafuata wenziwe.

Silaumu. Bila ya usiku wangu ule wa anasa, mchana wa wasichana wale usingelipiwa, na huo ndio ukweli wa hesabu yake. Mgeni amekuja na mwenyeji amepona, kaa na paa na mtoto wa mvuvi. Lakini ningependa kila nyumba ya aina hii katika Afrika Mashariki iwatengee watoto wa mahali pale usiku mmoja au miwili kwa mwaka, wakati ambapo vitanda ni vitupu na mvua za masika zinanyesha. Mtu humjua mnyama kwa saa yake. Tukiwaachia watoto wetu mchana peke yake, tutawafundisha kwamba usiku wa nchi yao ni mali ya watu wengine.

Jozani wamekwisha kuonyesha njia ya upande wa pili, yaani upande wa mkulima. Kima punju wanapokula mazao ya watu jirani na msitu, sehemu ya kiingilio cha watalii imekuwa ikirudi vijijini na kwa wakulima wenyewe, na kima aliyekuwa adui wa shamba akawa jirani wa kuvumiliwa. Si mapenzi makubwa, lakini yametosha kumweka hai.

Namfikiria chui. Ikiwa bado yupo mmoja huko kusini, hahitaji chumba cha kioo wala mgeni wa kumpiga picha. Anamhitaji mtu wa Muyuni atakayemsikia akipita nyuma ya nyumba, akajua kwamba mbuzi wake akiliwa atalipwa kesho bila ya jirani yeyote kuitwa mchawi, akavuta shuka yake, akalala.