TUTEMBELEE VISIWA VYA MATUMBAWE

Ndugu msomaji, leo twende Mafia, katika Mkoa wa Pwani. Karibu na kisiwa kikubwa cha Mafia kuna visiwa vidogo. Ukitaka kuviona, nenda Utende ukakodi mashua pamoja na nahodha wake. Mkiwa wengi mtachangia gharama. Pataneni bei kabla ya kupanda. Tena msikilizeni nahodha, maana yeye ndiye anayejua saa za maji kujaa na kupwa.

Kwanza mtafika Chole. Hapa wako popo wakubwa wanaolala mitini mchana. Kisha mtakwenda Juani, kwenye magofu ya Kua. Nyumba na misikiti ya mji huo wa kale ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mwisho ni Jibondo, kisiwa cha wavuvi na mafundi wa kuunda mashua. Udongo ni haba, mwamba ni mwingi. Shamba la watu wa Jibondo ni bahari.

Sasa tazama chini ya maji. Je, matumbawe ni mawe tu? Sivyo. Matumbawe hujengwa na wanyama wadogo sana. Wanyama hao hujitengenezea nyumba za chokaa. Wakifa, wengine hujenga juu yake. Baada ya maelfu ya miaka chokaa hiyo huwa mwamba. Visiwa hivi vimetokana na kazi hiyo.

Samaki hula, huzaana na kujificha katika matumbawe. Lakini matumbawe mengine hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Baruti moja huvunja kazi ya miaka mingi. Mvuvi wa baruti ni sawa na mkulima anayechoma ghala lenye mbegu zake.

Mwaka 1995 Serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza Tanzania. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi yakafa. Joto la bahari kijiji kimoja hakiwezi kulizuia. Lakini baruti tunaweza kuikataa.

Nawe mgeni una wajibu. Mwombe nahodha atie nanga kwenye mchanga. Usikanyage matumbawe. Usichukue hata kipande kimoja. Watoto wa Jibondo nao watahitaji samaki kesho.