Majani ya Maboga Katika Bonde la Kilombero

Ukitoka Mikumi kwenda kusini unapita mashamba ya miwa ya Kidatu, kisha milima ya Udzungwa inakusindikiza upande wa kulia mpaka Ifakara. Huko ni mpunga kila upande, na kandokando ya nyumba, maboga. Masika yakikolea mwezi Aprili, maji husimama hata uani.

Tulikwenda kuwatembelea akina mama wenzetu wa kanisa. Mwenyeji wetu alituonyesha bustani yake. Mashina ya maboga yaliyokuwa bondeni yalikuwa ya manjano, yamelegea kama yaliyokosa maji, na huku miguu yetu imezama matopeni! Hatua chache tu, juu ya kichuguu cha zamani, mengine yalikuwa ya kijani kibichi. Mbegu zile zile, siku ile ile.

"Dada nesi, mmea unanyaukaje ndani ya maji?" aliniuliza.

Mpenzi msomaji, mizizi nayo huvuta pumzi. Udongo mzuri una vitundu vyenye hewa. Maji yakituama huvijaza, na oksijeni huisha upesi. Mzizi uliokosa hewa hushindwa kufyonza maji na chakula, ndiyo maana majani hulegea. Nitrojeni nayo hupotea, kwani vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa gesi. Bila nitrojeni mmea hauwezi kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua ili chakula kipatikane. Basi mmea huivunja iliyomo katika majani ya zamani ili kulisha machanga, na umanjano huanzia chini. Ni kama mama anyonyeshaye naye hali vya kutosha.

Kinachonisumbua ni majira yenyewe. Miezi hiyo ya maji ndiyo ya mbu, na malaria huwapunguzia wajawazito damu. Majani ya kijani yenye foliki asidi yanahitajika wakati huo huo bustani inapofifia. Vidonge vya kliniki visiachwe, lakini mboga nayo ina kazi yake.

Inueni matuta mapema, kimo cha goti, na mchimbe mifereji. Mbolea isimwagwe penye maji, itapotea bure. Jani lililokwisha kuwa manjano halirudi, ila maji yakiondoka mapema machipukizi huja. Yaosheni kwa maji safi na kuyapika yaive, kwa kuwa mafuriko hupita vyooni kabla ya kufika bustanini.