Rafu Sita, Kisomaji Kimoja

Kahawa Sukari ni jina linaloweza kumfanya mgeni adhani anasomewa orodha ya mahitaji ya dukani. Mtaa wenyewe umo katika eneo bunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu, kando ya barabara kuu iendayo Thika, jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta na mtaa wa Kahawa Wendani. Mashamba ya kahawa yamepisha nyumba za mawe, lakini jina limesalia, na wakaazi hulitumia kila siku bila kujiuliza lilisanifishwa na nani. Maneno mengi ya Kiswahili yameishi hivyo: watu waliyahitaji, wakayatamka, yakakaa.

Si kila neno lina bahati hiyo. Kuna vifaa vinavyoingia mitaani mwetu vikiwa na majina ya kigeni yaliyoandikwa kwenye sanduku, na jina likishatua huachwa lilivyo, au hubadilishwa na mtu ambaye hajawahi kukifungua kifaa chenyewe. Kimojawapo ni maltipleksa ya antena, inayofungwa kwenye kisomaji cha vibandiko vya redio. Mwanafunzi wa fasihi ataona huu ni uwanja wa wahandisi. Hata hivyo, avumilie kidogo, maana mkasa wenyewe ni wa kitenzi.

Utambuzi wa vitu kwa mawimbi ya redio haukuzaliwa jana. Mwaka 1948 Harry Stockman alichapisha makala kuhusu mawasiliano yanayotumia nguvu iliyoakisiwa, na mwaka 1973 Mario Cardullo na Charles Walton, kila mmoja kivyake, walipata hataza nchini Marekani kwa ubunifu wa aina hiyo. Jijini Nairobi, abiria wa matatu waliionja teknolojia iliyo jamaa yake mwaka 2013, kadi ya BebaPay ya kampuni ya Google na Benki ya Equity ilipozinduliwa. Kadi hiyo haikudumu. Huduma ilifungwa mwaka 2015. Maktaba zimekuwa na subira zaidi kuliko makondakta.

Kibandiko cha kitabu ni karatasi nyembamba yenye waya uliozungushwa na chembe ndogo ya kuhifadhi nambari. Hakina betri. Hulala kimya hadi antena ikiamshe kwa uga wake, ambao katika maktaba nyingi ni wa megahezi 13.56, nacho hujibu kwa kutaja nambari yake. Uga huo haufiki mbali. Antena ya rafu huhudumia rafu yake na pengine kuchungulia ya jirani. Kwa hiyo rafu sita zahitaji antena sita. Lakini kisomaji ni ghali, na kununua visomaji sita kwa ajili ya kabati moja ni israfu. Hapo ndipo maltipleksa inapopata kazi: upande mmoja inaunganishwa na kisomaji, upande wa pili ina matundu manne, manane au zaidi ya antena.

Swali la lugha huanzia kwenye matundu hayo. Ukikitazama kifaa kwa macho tu, utakiita kigawanyi, kwa kuwa kebo moja inaingia na nyingi zinatoka. Jina hilo lapendeza sikioni, lina mofolojia safi, na ni la uongo. Kipo kifaa kingine kinachogawanya kweli: huichukua nguvu ya kisomaji na kuikata mafungu, kila antena ikapata sehemu yake kwa wakati uleule. Maltipleksa haikati kitu. Huipa antena ya kwanza karibu nguvu yote kwa muda mfupi, ikaifunga, ikaigeukia ya pili, ikaifunga nayo, hadi imalize duru na kuanza upya. Ikiwa kila antena inapewa robo ya sekunde, rafu sita zahitaji sekunde moja na nusu kusomwa zote. Katika muda huo, rafu tano huwa gizani wakati wowote ule.

Tofauti hiyo ilitoka vitabuni ikawa jambo la watu katika maktaba moja ndogo ya binafsi mtaani Kahawa Sukari, inayotegemewa zaidi na wanafunzi wa shule za upili. Mkutubi wake ni mama wa makamo aliyezoea kuhesabu vitabu kwa kidole. Fundi aliyeletwa kufunga mtambo alikuwa kijana aliyeanza kazi kwa kupandisha antena za runinga juu ya mapaa.

Kazi yake ya mikono ilikuwa ya kusifika. Alikuta rafu ni za chuma, na chuma huivuruga antena ya aina hii, ikapoteza ulinganifu wake. Akazitenga antena na chuma kwa vipande vya mbao, kisha akazirekebisha zikiwa palepale zitakapokaa, kwa sababu antena iliyolinganishwa mezani hubadilika ikifikishwa penye chuma. Mkutubi alipomwonyesha kebo ya runinga iliyobaki stoo ili kupunguza gharama, aliikataa kwa adabu.

"Hapana, Mama. Hiyo ni ya omu 75. Hapa kila kitu ni cha omu 50. Tukichanganya, nguvu nyingine itarudi ilikotoka."

Alizikata kebo fupi kadiri ilivyowezekana, kwani kila mita hula nguvu, na maltipleksa yenyewe hula yake. Upungufu ukifika desibeli 3, nusu ya nguvu imekwisha njiani. Matundu yalikuwa manane na antena sita. Mawili yaliyobaki akayavika kofia za omu 50 na kuyaondoa katika orodha ya programu, ili kisomaji kisipoteze muda kikiyabishia hodi. Umeme aliuwasha mwisho, antena zote zikiwa zimekazwa.

Kasoro ilikuwa katika sentensi moja tu. Mkutubi aliuliza, "Kijana wangu, na hiki kisanduku kinafanya nini?" Fundi akajibu akiwa amemwinamia bisibisi, "Kinagawanya antena, Mama." Mama akaridhika. Alielewa, kwa haki kabisa, kwamba rafu zote sita zinatazamwa kwa pamoja, na kwamba kitabu kisichoonekana kwenye kiwambo cha tarakilishi hakimo kabatini.

Haikupita nusu saa. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliitoa riwaya kwenye rafu ya sita, akaipekua, asiikumbuke rafu yake, akaipachika kwenye rafu ya pili. Akageuka kuelekea mlangoni. Wakati huohuo mkutubi alikuwa akikitazama kiwambo, na riwaya ile ilikuwa imetoweka: haimo rafu ya sita, haimo ya pili, haimo popote. Alimwita mvulana yule na kumtaka aufungue mkoba.

Kilichotendeka ni rahisi kukieleza. Kitabu kilihamishwa wakati duru ilikuwa imeshaipita rafu ya pili na haijafika ya sita. Kilipowekwa kwenye ya pili, zamu yake ilikuwa imekwenda. Zamu ya sita ilipowadia, kitabu hakikuwapo. Kwa duru hiyo moja, kitabu kilichokuwa kabatini muda wote, isipokuwa kilipokuwa mkononi, kilihesabiwa kuwa hakipo. Kingehama kwa mwelekeo wa pili, kutoka rafu iliyokwisha kusomwa hadi isiyosomwa, kingeonekana mara mbili, na hapana mtu ambaye angeitwa mwizi kwa hilo.

Mvulana aliufungua mkoba. Mlikuwa na madaftari na chupa ya maji. Fundi alikuwa bado anakunja kebo zake. Akakimbilia kwenye kiwambo, na kabla hajafika riwaya ilikuwa imejitokeza rafu ya pili.

"Hakijaibwa, Mama. Zamu yake ilikuwa haijafika."

"Zamu? Ulisema kinagawanya."

"Nilisema vibaya. Hakigawanyi. Antena zinapokezana."

Hapo ndipo penye utamu kwa mwanaisimu, ingawa hapakuwa na utamu wowote usoni mwa mvulana. Fundi hakutafuta istilahi. Alitafuta kitenzi, na Kiswahili kilikuwa nacho tayari. Walinzi hupokezana lindo, wachotaji hupokezana ndoo, waimbaji hupokezana ubeti. Kauli ya kutendana inabeba kile ambacho jina la kigeni limekificha, kwamba kuna mmoja anayefanya na wengine wanaongoja. Ukitaka nomino, kipokezanishi kipo, kirefu kidogo lakini kweli. Ukiingia kwa mlango wa zamu na kujaribu kizamishi, utakuwa umekizamisha kifaa majini.

Uundaji wa istilahi katika lugha hii una historia ndefu, tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hadi kazi za Sheikh Ahmed Nabhany, ambaye runinga ni neno lake, na programu za ofisi za Jambo OpenOffice zilizotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitaja lugha hii kuwa ya taifa na pia rasmi. Mjadala, hata hivyo, hupenda kukwama kwenye sura ya neno: ni refu, ni la Kibantu, linanyambulika? Aghalabu hakuna anayeuliza kama mtu atakayelitumia atajua kifaa kinafanya nini kwa sekunde moja na nusu. Kigawanyi kingepita mtihani wa semina yoyote.

Mkutubi alimwomba mvulana radhi mbele ya wenzake, jambo ambalo wakubwa wengi hawalifanyi. Kisha alichukua daftari la kumbukumbu za maktaba na kumtaka fundi amrudilie maelezo polepole, akiandika kwa mkono wake. Aliandika kwamba rafu zinapokezana kusomwa. Akaandika kwamba kitabu kisipoonekana, mhudumu angoje duru tatu, kisha akitafute kwa macho katika rafu zote sita, na chini ya mstari huo akaongeza, bila kuagizwa na fundi, kwamba hadi hapo asiulizwe mtu.