Michezo ya Ridhaa

Yapo maneno ambayo sisi watumishi wa serikali huyaandika kila siku katika barua na taarifa, hata yakawa kama muhuri: hupigwa tu, hayasomwi. Mojawapo ni neno ridhaa. Twasema "michezo ya ridhaa" tukiwa na maana ya michezo ichezwayo bila mshahara. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilikabidhiwa kazi ya kuikuza michezo ya namna hiyo nchini, nasi tumelitaja neno hilo kwa miaka mingi. Lakini maana yake ya asili, yaani kukubali kwa moyo, tulifundishwa na vijana wa Momela, na mafunzo yenyewe yalituumiza.

Momela iko upande wa mashariki wa Mlima Meru, penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Arusha na yale maziwa ya magadi yapendwayo na heroe. Vijiji vya jirani, kuelekea Ngare Nanyuki, hulima mahindi, maharage, nyanya na vitunguu. Baada ya mavuno na kabla ya mvua za vuli, vijana hupata nafasi siku za Jumapili. Msimu mmoja waliamua kuanzisha ligi ya kandanda, nasi, kwa kuwa twasifika kwa kalamu, tukapewa ukatibu wa kamati. Timu zilikuwa nane.

Timu hizo hazikulingana hata kidogo. Moja ilikuwa na vijana waliowahi kucheza mashindano ya shule za sekondari, wenye viatu na jezi. Nyingine ilitoka kitongoji cha juu, nayo ilikuwa ya wachungaji na wakulima waliokulia katika chandimu na mpira wa matambara, nusu yao wakicheza pekupeku. Sisi hatukulitazama hilo. Tulitazama hesabu. Timu nane zikikutana zote mara moja, huwa mechi 28. Kwa kiwanja kimoja na mechi mbili kila Jumapili, huwa Jumapili 14. Mtu aliyezoea kuhesabu mizani haoni taabu katika hesabu kama hiyo. Tuliiandika ratiba kwa mwandiko mzuri, tukajivuna.

Jumapili ya tatu timu ya kitongoji cha juu ilifungwa mabao 11 kwa bila. Tena washindi walikuwa wamechukua mamluki watatu kutoka mjini. Tuliwaona, na twakiri kwamba tulinyamaza, kwani kiwanja kilikuwa kimejaa na watazamaji walikuwa wakishangilia. Jumapili iliyofuata tulisimama pale na filimbi, na timu moja tu. Kesho yake tulipanda hadi kitongojini. Tulimkuta mlinda lango wao zizini. Alituamkia kwa heshima, akatukaribisha kigoda, kisha akasema pasipo hasira: "Mzee, sisi hatukucheza. Tulihesabiwa tu."

Hatukuwa na jibu. Timu nyingine mbili zikajitoa nazo, na Jumapili ya saba ligi ikafa. Ratiba ilibaki daftarini, safi kama ilivyoandikwa.

Mwaka uliofuata tulikuja na dawa. Tulizigawa timu katika madaraja mawili, zenye nguvu nne na dhaifu nne, kila timu ikutane na wenzake wa daraja lake mara mbili. Huwa mechi 12 kila daraja, yaani 24 kwa jumla, na Jumapili 12. Tuliisoma orodha yetu mbele ya mkutano. Ndipo aliposimama mzee mmoja aliyekuwa mtoto mdogo mwaka 1951, serikali ya kikoloni ilipowahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Ni shauri lile lililompeleka Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Mzee aliuliza jambo moja: "Orodha hii ameiandika nani?" Tukajibu kwamba ni sisi. Akasema, "Basi huo ni mpaka mwingine tuliochorewa," akaketi.

Tuliikunja karatasi yetu. Kila timu ikaenda kando kushauriana, ikarudi ikataja yenyewe daraja lake. Tatu zilichagua la juu, tatu la chini, na mbili zilizositasita zikakubaliana kuamua kwa kucheza zenyewe. Kisha mkutano ukapitisha masharti. Kila mchezaji atambuliwe na mwenyekiti wa kitongoji chake kabla ya ligi kuanza. Ushindi unaozidi mabao matano uandikwe matano tu. Wa kwanza wa daraja la chini na wa mwisho wa daraja la juu wabadilishane nafasi msimu ujao.

Uwanja mkubwa wa mjini Arusha una jina la mshairi, Sheikh Kaluta Amri Abeid, aliyechapisha mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Tumekisoma mara nyingi, na tulidhani fundisho lake ni sheria. Sasa twaona kwamba mshairi hafuati vina kwa kuogopa askari. Huvifuata kwa kuwa ameridhia kufungwa navyo. Ratiba nayo ni hivyo hivyo. Mwenye nguvu aweza kulazimishwa kufuata sheria, lakini mnyonge halazimishwi kurudi kiwanjani. Asiporudi, hata mwenye nguvu hana wa kucheza naye.

Timu ya kitongoji cha juu haikutwaa kombe. Ilishinda mara mbili, ikatoka sare mara moja, ikawa ya tatu kati ya nne. Lakini ilishuka mlimani mara zote sita ilizopangiwa. Jumapili ya mwisho tulipofika tulimkuta yule mlinda lango amekwisha kutangulia na debe la majivu. Alikuwa ameinama, akiichora mistari ya kiwanja.