Barua kwa Mpwa Wangu Anayetaka Kununua Kamera

Tandika, Temeke,
Dar es Salaam.

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako uliyompa mama yako aniletee nimeipokea na kuisoma mara mbili, nami nimefurahi kwamba katika zama hizi ambapo kila jambo huulizwa na kujibiwa kwa simu, wewe umeona heshima kushika kalamu. Umenieleza kwamba zamu yako ya mchezo wa upatu imefika, kwamba azma yako ni kununua kamera, si kwa kutafuta riziki bali kwa ridhaa na mapenzi ya nafsi, na kwamba umekwisha kuichagua bodi mpya kabisa, ya aina hizi zisizo na kioo ndani, yenye sensa ya fremu kamili, ambayo ukiisha kuilipia hutabakiwa na kitu isipokuwa lenzi ile moja inayotoka nayo katika boksi. Waniuliza kama nakuafiki. Sikuafiki, na kwa kuwa kukataza bila kubainisha sababu ni dhuluma kwa kijana mwenye akili, nistahimilie nikueleze.

Kwanza tuyaweke kando yale yasiyo na uzito. Umeandika sana juu ya megapikseli. Kamera ya Canon 6D, iliyotoka mwaka 2012, ina milioni 20, nazo zatosha kuchapa picha ya inchi 18 kwa 12 iliyo safi hata ukiikaribisha puani. Na sebule niliyoiona kwako Mwananyamala, pamoja na kabati la vyombo na televisheni, haina ukuta uliobaki wa kutundika kubwa kuliko hiyo. Basi, hilo tumelimaliza.

Jambo lenye uzito ni kwamba bodi, iwe ya bei gani, hupokea tu nuru ambayo lenzi imekwisha kuipitisha, na kile ambacho lenzi haikukileta hapana sensa iwezayo kukizua. Fauka ya hayo, bodi hushuka thamani kila kiwanda kitoapo nyingine, ilhali lenzi njema iliyotunzwa hudumu mikononi mwa mtu miaka na miaka. Kwa hiyo mimi ningepewa fedha zako leo, ningezigawa hivi: sehemu ndogo katika bodi iliyokwisha kutumiwa, na kubwa katika lenzi. Najua kwamba neno "iliyotumika" halipendezi mbele ya marafiki, lakini picha haiandikwi juu yake mwaka wa kamera.

Kabla hujachagua bodi, tazama mdomo wake, yaani pale lenzi inapofungwa, maana kununua bodi ni kama kuoa: humchukui binti peke yake, bali unaingia katika ukoo wake mzima, na kutoka baadaye kuna gharama. Nikon waliutoa mdomo wao wa F mwaka 1959 wakadumu nao. Canon waliuacha ule wa kwao wa FD mwaka 1987 wakaleta EF, na wenye lenzi za zamani wakabaki nazo mikononi. Mwaka 2018 wote wawili wakaleta midomo mipya kwa ajili ya kamera zisizo na kioo, Canon RF na Nikon Z, na ndipo wapiga picha wengi walipoanza kuziuza lenzi zao za zamani ili wahamie huko. Hapo ndipo palipo na faida yako. Lenzi ya EF waweza kuifunga leo katika bodi kongwe, na siku Mungu atakapokujaalia bodi mpya ya RF utaifunga huko kwa adapta nayo ikatenda kazi yake sawasawa. Lakini lenzi ya RF haifungiki kamwe katika bodi ya zamani. Anayenunua vya zamani hajifungii mlango wa mbele, bali anayenunua vipya amejifungia ule wa nyuma, ambako ndiko kwenye bei nafuu. Kwa upande wa Nikon uwe na hadhari moja tu: bodi zao ndogo, zile za mfululizo wa D3000 na D5000, hazina mota ndani, na lenzi kongwe zilizoandikwa AF-D hazitafuti fokasi zenyewe zikifungwa humo; wauzaji wengi wataulizwa hili wasijue, au wajue wakanyamaza.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, kwa sababu hukunieleza hata kwa sentensi moja utapiga picha za nini, nami imenibidi nikisie kwa kukujua. Wewe utapiga nyumba na watu. Utapiga bibi yako akikuna nazi ukumbini, watoto wa Mwananyamala wakicheza uchochoroni, shangazi zako wakijipamba kabla ya sendofu, ngoma za usiku na singeli, na jioni ya kivuko cha Kigamboni. Hizi zote, isipokuwa ya kivuko, ni kazi za mahali pembamba na penye nuru haba, na hapo ndipo ile lenzi ya boksi itakapokuangusha.

Fikiri juu ya nyumba zetu za Kiswahili, zenye ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, vyumba ambavyo ukiisha kuweka kitanda na sanduku hubaki nafasi ya mtu kusimama. Ukiwa na sensa ya fremu kamili na lenzi ya milimita 35, ukisimama futi 10 mbali na watu utapata upana wa futi 10 hivi, yaani bi harusi na wasaidizi wake na kioo chao. Lakini kijana aliyeshauriwa na kila mtu anunue lenzi ya 50, kwa kuwa ni rahisi na ni nzuri, akaifunga katika bodi ndogo ya Canon ambayo sensa yake hukata picha kwa kipimo cha 1.6, akisimama pale pale atapata upana wa futi nne na nusu tu: bi harusi na bega la mmoja. Atarudi nyuma, atarudi tena, mpaka mgongo ugote ukuta. Lenzi ya 50 si mbaya. Ubaya ni kuinunua bila ya kupima chumba. Lau ungekuwa na bodi ndogo, ningekuambia utafute ya 24, ambayo humo hukaribia kuona kama 35 ionavyo katika fremu kamili.

Kisha kuna nuru, nayo ndiyo mali yenyewe. Mji wetu uko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivi kwamba mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, na macho ya mtu yakawa mashimo mawili ya giza chini ya paji. Nuru ya kupendeza tunayo asubuhi mpaka kama saa mbili, na alasiri ikiisha. Na jua likizama, haichukui zaidi ya dakika ishirini hivi kabla ya giza kutanda. Baada ya hapo unabaki na taa za umeme, ukiwapo, na aghalabu ni taa moja darini, au zile za rangi rangi za kwenye shughuli, zinazowaka na kuzima. Lenzi ya boksi, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake hubanwa hadi 5.6, na nyingine za siku hizi hadi 7.1. Lenzi isiyovuta yenye tundu la 1.8 hupitisha nuru karibu mara kumi ya ile ya 5.6. Mara kumi, mpwa wangu! Hapana bodi mpya utakayoinunua itakayokufidia tofauti hiyo kwa usawa wa fedha. Wala usidanganywe na maandishi ya lenzi kwamba inazuia mtetemo. Huzuia mtetemo wa mkono wako, haimzuii mcheza singeli.

Nami sitaki kuzidhulumu kamera mpya, kwa sababu zina fadhila zake. Hulitambua jicho la mtu na kuling'ang'ania hata akigeuka, na hupiga picha bila sauti yoyote, jambo ambalo msikitini wakati wa nikahi ni adabu kubwa, maana mlio wa kioo cha kamera za zamani wasikika mpaka safu ya mwisho. Lau ungekuwa wafanya kazi hii kwa malipo, ukapiga arusi kila mwisho wa juma, ningesema nunua, kwani muda utakaouokoa utakulipa. Kwa mtu wa ridhaa, kungoja ni sehemu ya starehe yake. Ile 6D niliyoitaja ina nukta 11 tu za kutafutia fokasi, idadi inayowachekesha vijana. Lakini ile ya katikati huona gizani kuliko ninavyoona mimi, na bodi nzima pamoja na betri yake haifiki gramu 800, hivyo waweza kuivaa kifuani kwa mkanda uliopita begani, ukaifunika kwa shati ukisikia pikipiki ya vibaka nyuma yako.

Marehemu Mohamed Amin, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia hapa Dar es Salaam, alianza akiwa mwanafunzi kwa Box Brownie iliyokwisha kutumiwa, kisanduku ambacho lenzi yake haitoki wala haivuti. Mwaka 1963 akaanzisha hapa hapa mjini kampuni yake ya Camerapix, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zikautikisa ulimwengu. Usininukuu vibaya ukaenda kumwambia mama yako kwamba nimekuamuru ununue Brownie. Huyu bwana kazi ilipokua alibeba vyombo bora kabisa vya zama zake. Ninalotaka uzingatie ni mfuatano wake, kwamba vyombo vilikuja nyuma ya kazi.

Liko pia jambo ambalo fedha hazilitibu. Kipimo cha nuru cha kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina rangi ya kijivu; basi ukimpiga bwana harusi mweusi aliyevaa kanzu jeupe, kamera huona weupe mwingi, ikapunguza nuru, na uso wa mwenye shughuli ukaingia gizani huku kanzu likibaki na sura ya kijivujivu. Jifunze kuipima nuru usoni na kuongeza mwenyewe. Nimeona picha za kamera ya thamani ya pikipiki zikiharibika kwa sababu hii moja.

Ukienda Kariakoo, usiende Jumamosi wala usiende peke yako, na usitoe fedha kabla hujafanya haya ninayokuandikia. Shika lenzi, uwashe taa ya simu, uimulike kutoka nyuma huku ukitazama mbele; ukiona utando kama wa buibui, hiyo ni kuvu, uirudishe hata wakipunguza nusu ya bei. Pwani yetu ni ya unyevu, na masika ndiyo huzilea kuvu hizi. Kwa bodi, bana tundu la lenzi hadi 16, piga picha ya mbingu tupu, uikuze; madoa meusi yakiwa machache ni vumbi la kusafishwa na fundi, yakiwa hayasafishiki ni msiba. Mtake fundi akusomee idadi ya picha zilizokwisha kupigwa, kwa maana shata ya bodi kama 6D imeundwa kwa kadiri ya picha 100,000, na iliyokaribia hapo yakupasa kuinunua kwa bei ya iliyokaribia hapo. Kadi ya kumbukumbu uijaze mpaka mwisho siku ile ile, kwa sababu ziko nyingi zilizoandikwa ukubwa ambao hazina.

Nyumbani usiviweke vyombo katika mkoba wa ngozi ndani ya kabati. Nunua kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, utie vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, uvikaushe au uvibadili kila vinapolowa, na lenzi usiibadili barabarani Mbagala au popote penye vumbi la daladala. Ndiyo sababu nyingine napenda mtu awe na lenzi moja inayokaa kamerani.

Uamuzi wangu basi ni huu: tafuta Canon 6D iliyotumika, au kama moyo wako umeelekea Nikon, D750 ya mwaka 2014, ambayo ni bora zaidi na ghali zaidi, uifunge lenzi ya 35 yenye tundu la 2 au la 1.8, utembee nayo hivyo hivyo mwaka mzima bila ya kununua kingine. Baada ya hapo, ukiona nyuso za watu zinakuvuta kuliko nyumba zao, ongeza ya 85 yenye tundu la 1.8, ambayo Canon waliitoa 1992 na mpaka leo yapatikana mikononi mwa watu kwa bei ya kistaarabu. Lenzi ndefu za mpira wa Uwanja wa Mkapa uziache. Jukwaani utakapoketi wewe, hata ya 200 haitakufikisha golini.

Fedha zitakazosalia, nazo zitasalia, zichapishie picha, uzipeleke kwa wale uliowapiga. Na kabla hujafanya lolote kati ya haya, njoo Tandika Jumapili baada ya alasiri uichukue lenzi yangu ya 35 na bodi yake, ukae nayo mpaka mwezi uishe. Mama yako mwambie nimepata barua, na kwamba ile dawa ya mguu aliyoniletea imenifaa.

Wasalaam,
Mjomba wako.