Chini ya Maji: Kutoka Vilima vya Masisi hadi Miamba ya Watamu

Sisi tuliozaliwa katika vilima vya Masisi tunayajua maji kwa namna yetu. Twaijua mvua ya alasiri, na ukungu wa asubuhi juu ya maziwa ya Mokoto, ambako wamonaki Watrapisti walijenga monasteri yao katika miaka ya 1950. Ndugu zetu wa Walikale nao wanaijua mito ya Oso na Lowa, ipitayo chini ya miti mirefu. Lakini maji hayo yote twayatazama kwa juu tu. Mto kwetu ni wa kuvuka, na ziwa ni la kuvua. Mambo ya chini tumewaachia samaki.

Mimi pia nilikuwa hivyo hata mwezi wa Februari 2019. Mwaka huo kazi ilinipeleka Mombasa, na rafiki yangu mmoja, mwenyeji wa pwani, akanichukua hadi Watamu, karibu na Malindi. Huko nilishuka chini ya bahari kwa mara ya kwanza. Nimeona vema kuwasimulia habari hizo, kwa sababu niliporudi nyumbani nilitambua kwamba mafundisho niliyoyapata baharini yanalihusu sana ziwa letu, na yanahusu uhai wa watoto wetu.

MASHARTI YA KUSHUKA

Chombo cha kumwezesha mtu kupumua majini si cha kale. Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, walikitengeneza mwaka 1943. Mzamiaji huvaa mgongoni mtungi wa hewa iliyoshindiliwa, naye huivuta kwa mpira anaoushika kinywani. Usoni huvaa kioo, na miguuni mapezi yaliyo kama nyayo za bata.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Kigiriama, mpole wa maneno, lakini katika masharti hakuwa na mzaha. “Mzee,” aliniambia, “sharti la kwanza, usizuie pumzi kamwe.” Akaeleza kwamba kila mita 10 za kushuka huongeza uzito ulio sawa na ule wa anga lote lililo juu yetu. Hewa iliyomo mapafuni katika kina cha mita 10 hupanuka mara mbili ikifika juu. Basi mtu akipanda huku amefunga pumzi, mapafu yaweza kupasuka. Sharti la pili ni kupanda polepole. Sharti la tatu, mtu asishuke peke yake, maana hewa ikimwishia mmoja, mwenzake humgawia ya kwake.

Kisha akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomjibu kuwa ni milimani, alitikisa kichwa. “Basi usipande ndege leo, wala usikimbilie mlimani, mpaka siku nzima ipite.” Akachukua chupa ya soda, akaitikisa, akaifungua ghafla, povu likamwagika mchangani. “Chini ya maji damu hunywa hewa, kama soda hii ilivyo na hewa ndani yake. Uzito wa maji ndio kizibo. Ukitoka taratibu, hewa hutoka bila madhara. Ukitoka kwa pupa, damu hufanya povu.” Nililiweka moyoni neno hilo la chupa, mtaona kwamba nililihitaji baadaye.

BUSTANI YA BAHARI

Yalikuwa majira ya kaskazi, ambayo huanza Desemba na kuishia Machi. Wakati huo bahari ya Watamu hutulia na maji hutakata, hata mtu aweza kuona mita 15 mbele yake. Kusi ikianza, mawimbi hukua, mchanga hutibuka, na wazamiaji wengi hupumzika. Mashua yetu ilivuka mlango wa mwamba wakati maji yamejaa, nanga ikafungwa kwenye boya ili isiumize matumbawe, tukajitumbukiza.

Masikio yaliniuma kabla sijafika mita 3. Nikabana pua na kupuliza taratibu kama nilivyoonyeshwa, maumivu yakaisha. Tulishuka hata mita 12. Nilitazamia kimya cha kaburi, kumbe bahari ina sauti: nilisikia mlio kama wa mafuta yanayokaangwa, nao ni wa kamba wadogo waliojificha katika mashimo. Rangi nazo zilikuwa zimegeuka. Ukanda wangu mwekundu ulionekana wa majivu, maana maji hunywa rangi nyekundu kwanza na kuacha ya buluu.

Nilidhani matumbawe ni mawe tu. Sivyo. Ni wanyama wadogo, maelfu kwa maelfu, kila mmoja akijijengea nyumba ya chokaa juu ya nyumba ya wazazi wake. Ndani ya miili yao hukaa mimea midogo mno inayowapa chakula kwa nguvu ya jua. Ndiyo sababu hupenda maji ya chumvi, yenye joto na yanayopenyeza nuru, na hawapatikani katika maziwa yetu.

Juu ya mji huo wa chokaa niliona pono, samaki wa rangi ya kijani na samawati, akiyatafuna matumbawe kwa meno yaliyo kama mdomo wa kasuku. Chokaa anayoimeza huitoa ikiwa mchanga mweupe; sehemu ya mchanga ule watu wanaoukalia ufukweni imepita tumboni mwake. Niliona chewa mkubwa ametulia, kinywa wazi, na samaki mdogo kama kidole akiingia na kutoka kati ya meno yake akimsafisha. Aliyeweza kummeza hakummeza. Niliona mkunga akichungulia pangoni, na taa akijifunika mchanga. Mwisho akaja kasa, akapita karibu nami bila hofu, akapanda kwenda kuvuta pumzi juu. Kwa maana hata yeye, aishiye baharini, hupumua hewa kama sisi.

Papa shilingi sikubahatika kumwona. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye hamdhuru mtu. Wavuvi husimulia kwamba Mungu alipendezwa naye hata akamrushia shilingi mgongoni, nazo zikawa madoa yake meupe.

Niliporudi mashuani niliuliza kwa nini viumbe wamejaa mahali hapo. Nikajibiwa kwamba sehemu hiyo ni hifadhi tangu mwaka 1968, wala hakuna ruhusa ya kuvua ndani yake. Samaki huzaliana humo, kisha huenea nje ya mipaka, nao wavuvi huwapata huko. Hata hivyo bustani hiyo ina majeraha. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakageuka meupe na kufa. Tena karibu na Malindi mto Sabaki huleta udongo mwekundu kutoka mashamba ya bara, na udongo huo huyafunika matumbawe na kuyanyima nuru. Mkulima wa mbali, asiyepata kuiona bahari, huiumiza pasipo kujua.

ZIWA LA NYUMBANI

Mwaka huohuo nilishuka kutoka Masisi hadi Sake, kwa dada yangu. Jioni nilikaa na mpwa wangu, mtoto wa miaka 11, tukiitazama ghuba ya Kabuno. Nikamsimulia habari za kasa na chewa. Akaniuliza, “Mjomba, mbona watu hawaji hapa na mitungi yao? Au ziwa letu halina kitu?”

Ndipo nilipoikumbuka ile chupa. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485, lakini samaki hukaa juu tu. Chini ya mita 60 hivi hakuna oksijeni, na katika ghuba ya Kabuno yenyewe oksijeni huisha karibu na mita 10. Chini ya hapo maji yamebeba hewa ya ukaa, ile inayofanya soda itoe povu, pamoja na metani. Katika ziwa zima wataalamu hukadiria kilometa za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za metani. Uzito wa maji ndio kizibo cha chupa hiyo. Kule Kameruni, mwaka 1986, kizibo cha Ziwa Nyos kilifunguka usiku, na watu wapatao 1,700 wakafa kwa kukosa pumzi.

Sisemi haya ili kuwatisha. Matabaka ya maji ya Kivu ni imara. Mwaka 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka, moto wa ardhini ulipenya hata chini ya ziwa, na matabaka hayakuvurugika. Nchini Rwanda metani hiyo inavutwa na kutoa umeme. Tena tabaka la juu hutulisha. Sambaza, waliopandwa ziwani kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi wakitumia vyandarua vya mbu na kukomba hata vifaranga, watoto wetu watakula nini?

Lakini hatari moja haingoji ziwa lifunguke, nayo ni mazuku. Hewa hiyo ya ukaa hutoka katika nyufa za ardhi kati ya Sake na Goma, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa yetu, hukaa mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Haionekani. Mtu mzima aliyesimama aweza kupona pale ambapo mtoto, au aliyelala chini, atakufa. Mkiona wadudu na ndege wamekufa shimoni, ondokeni mara moja. Na mtu akianguka humo, msimkimbilie kwa kuinama bila kufikiri, maana wengi wamemfuata ndugu yao katika mauti.

Tangu siku ile vita vimewatawanya watu wa Sake. Dada yangu na wanawe, kama maelfu wengine wa Masisi na Walikale, walilala chini ya turubai katika nchi hiyohiyo ya mazuku. Aliponiletea habari, alisema kwamba mpwa wangu ndiye aliyekataa familia isitandike mkeka bondeni, palipokuwa na nyasi laini na kinga ya upepo. Alisema, “Mama, Mjomba alinifundisha: pumzi kwanza.” Wakalala juu, penye mawe na baridi, wakaamka wote.

Katika wimbo wa vijana watatu tanuruni, viumbe vyote vya majini vinaalikwa kumsifu Bwana. Nimewaona baadhi yao wakimsifu kwa uzuri wao. Sisi nasi tumsifu kwa kuitunza pumzi aliyotupa, yetu na ya jirani.