Video Zilizolala Ubavu

Katika studio ya picha niliyoanza kuifanyia kazi mwaka 2005, Ngamiani, Tanga, Jumatatu ilikuwa siku ya kadi za kamera. Harusi zimepita Jumamosi na Jumapili, sasa watu wanaleta kadi tuzihamishie kwenye kompyuta, tuwasafishie picha nzuri na kuwachomea CD. Humo kwenye kadi, baina ya picha za mnato, mlikuwa na vipande vya video vya nusu dakika, pengine dakika nzima. Vingi vilikuwa vimelala ubavu.

Waliovipiga sikuwalaumu hata siku moja. Biharusi anatoka ndani, shela kichwani, gauni linaburura, mawifi wanapiga vigelegele nyuma yake. Mwenye kamera anataka biharusi aonekane mzima, toka utosini hadi viatuni, basi anaisimamisha kamera wima kama anavyofanya kila siku kwenye picha. Kwenye kioo cha nyuma anamwona biharusi amesimama barabara, maana kioo nacho kimegeuka pamoja na kamera. Jicho lake lilikuwa sahihi. Mtu ni mrefu kuliko alivyo mpana, na fremu inayomfaa ni ya wima. Kompyuta na televisheni ndizo zilizotengenezwa kana kwamba dunia yote imelala.

Picha za mnato hazikutusumbua. Kamera nyingine zilikwisha kuwa na kihisi cha kujua zimeshikwaje, na faili la picha lilikuwa na nafasi maalumu ya kuandika habari hiyo. Kwa zile ambazo hazikuwa nacho, ulibonyeza mara moja tu picha ikasimama. Kwenye video hali ilikuwa nyingine kabisa. Kamera zile zilihifadhi video kama faili la AVI, ambalo ndani yake ni mlolongo wa picha za JPEG, 15 au 30 kwa kila sekunde, na halikuwa na mahali panapoeleweka pa kuandika kwamba juu ni upande gani. Ili biharusi asimame, ilibidi kila fremu igeuzwe nyuzi 90 na kuandikwa upya.

Njia ya kwanza ilikuwa Windows Movie Maker, iliyokuja pamoja na Windows XP. Unachukua athari ya kuzungusha, unaidondosha juu ya kipande, unahifadhi upya, kisha unasubiri. Biharusi alisimama, lakini fremu ilibaki ileile ya mlalo, kwa hiyo alibanwa katikati na mistari miwili mipana myeusi kulia na kushoto. Kwenye video ya pikseli 640 kwa 480, mtu aliyekuwa na pikseli 640 toka kichwani hadi miguuni alibakiwa na 480. Robo nzima ya urefu wake imekwenda. Juu ya hapo faili lilibanwa upya kuwa WMV, na nakshi za shela zikayeyuka. Hilo liliniuma kila mara, kwa sababu nakshi zile ndizo mama mtu alizotaka kuziona.

Baadaye nikajifunza VirtualDub, programu ya bure ya Avery Lee. Yenyewe iligeuza fremu nzima, ikatoa video ya wima ya kweli, 480 kwa 640, bila mistari myeusi. Lakini usipochagua namna ya kulibana faili, dakika moja tu ya fremu 30 kwa sekunde ilikula zaidi ya gigabaiti moja na nusu, na diski za wakati ule hazikuwa za kuchezea. Halafu mteja akifika nyumbani na kuitia CD kwenye deki, deki nyingi zilikataa video ya umbo lile. Mzee mmoja alikuja na ile tuliyoiacha imelala, akaniuliza, "Mwanangu, nimtazame mjukuu wangu mpaka nami nijilaze?" Nikamtengenezea yenye mistari myeusi, akaondoka ameridhika kuliko nilivyoridhika mimi.

Mabadiliko yaliletwa na simu. Mwaka 2009 iPhone 3GS ilianza kurekodi video, na faili lake la MOV lilikuwa na namba chache zinazoiambia programu ya kuchezesha video, "geuza hivi unapoonyesha." Fremu zenyewe haziguswi. Kwa miaka kadhaa tukapata taabu ya aina mpya: video imesimama kwenye simu, ukiihamishia kwenye kompyuta inalala, kwa sababu programu za kompyuta hazikuyasoma yale maelezo. Wateja walidhani tumeiharibu sisi. VLC, mojawapo ya programu za kuchezesha video, ilianza kuyatii yenyewe mwaka 2015, toleo la 2.2, na siku hizi ni nadra mtu kuniletea video ya simu iliyolala. Tena vioo wanavyotazamia watu wengi sasa ni vya wima, vya simu, naye biharusi anakijaza kioo kizima.

Zilizobaki ni zile za kale, nami bado ninazishughulikia kwa moyo, maana wengi waliomo wamekwishatangulia mbele ya haki. Siku hizi fremu zake siandiki upya. Nazitoa kwenye AVI kwa programu ya ffmpeg, nazinakili kama zilivyo ndani ya faili la MOV, kisha naandika tu yale maelezo ya kugeuza. Kazi inaisha kwa sekunde chache na hakuna pikseli inayopotea. Ila hiyo inawezekana kwa mwenye faili la kamera lenyewe. Aliyebaki na WMV yetu ya zamani, nakshi zilizoyeyuka siwezi kumrudishia. Kwa hiyo anayekuja dukani namwomba kwanza arudi akaitafute CD ya mwanzo, hata ikiwa imechubuka, na video iliyolala asiifute.